Siku ya Pudentienne Kubeba Maziwa

Gahongayire si mtu wa kusamehe, na hajawahi kumdanganya mtu kwamba anajua kusamehe. Uliza pale Muhima anapouza mapazia: mteja aliyemwita mwizi mwaka ule wa korona mpaka leo hukatiwa kitambaa akiwa wa mwisho. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye ambaye Pudentienne, dada mkubwa wa mumewe, aliamua kumchokoza.

Ilikuwa hivi. Mimba ya kwanza ya Gahongayire ilitoka ikiwa na miezi mitano. Wiki ya pili, hata maziwa hayajamkauka kifuani, Pudentienne akasimama kwenye kikundi cha maombi kule Ndera, akamwomba Mungu amhurumie mdogo wake Sangwa, "aliyepanda mbegu juu ya mwamba." Wanawake wakaitikia amina. Watatu kati yao walimfikishia Gahongayire habari kabla jua halijazama.

Hakulia. Alianza kupanga. Mwanamke akijifungua, ndugu na majirani humwendea guhemba, yaani kumpongeza kwa maziwa na uji wa mtama, na wifi mkubwa ndiye hutangulia. Gahongayire aliiona siku hiyo waziwazi: Pudentienne anapanda kilima, kapu kichwani, jasho linamtoa poda, majirani wamejipanga kutazama. Angemsimamisha mlangoni. Angeonja maziwa, akunje uso, aseme yamechacha kidogo.

Basi akakimbilia kituo cha afya, asaidiwe kushika mimba upesi. Mtoto wa Pudentienne alikuwa anaoa baada ya miezi minne, na Gahongayire alitaka kufika harusini tumbo likiwa mbele.

Muuguzi, Umuhoza, binti mwenye sauti ndogo na maswali mengi, akampima damu, akampima presha, akampima uzito. Siku ya majibu akasema, "Mama, sukari yako iko juu. Na si ya leo."

"Nitaipunguza nikishabeba mimba."

"Hapana. Moyo wa mtoto unaumbwa wiki za kwanza kabisa, wewe hujajua hata kama mimba iko ndani. Akikuta sukari hii anaweza kuumia. Tushushe kwanza. Miezi sita, labda zaidi."

Akatoka na dawa ya sukari, vidonge vya vitamini ya foliki vya kila siku na, we acha tu, vidonge vya kuzuia mimba. Mwanamke aliyetoka nyumbani kutafuta tumbo! Njia nzima alimtukana Pudentienne kwa lugha tatu, kana kwamba ndiye aliyemtia hiyo sukari.

Lakini hasira ukiipa kazi, inafanya. Aliacha fanta, aliacha mandazi ya saa nne, aliacha chai ya vijiko vinne. Zile Jumapili ambazo barabara hufungwa magari yasipite ili watu wafanye mazoezi, alikwenda kukimbia, akimburuta na Sangwa, ambaye alikuwa amenyang'anywa sigara bila kuulizwa. Sahani ya pili ya wali ikimtamanisha alijiambia, Pudentienne ndiye anayetaka uile. Kilo tisa zikaondoka.

Harusi ikafika, tumbo bapa. Pudentienne akamjia na chupa ya fanta mbele ya meza nzima, akimsemesha Kiswahili makusudi, kumkumbusha Gahongayire kwamba alilelewa ugenini, Karagwe.

"Wifi, kunywa. Ao iko mimba inakukataza?" Akamtazama tumboni. "Aa. Hakuna kitu."

Meza ikacheka. Gahongayire alipofika nyumbani alivitoa vile vidonge vya kuzuia mimba, akasimama navyo juu ya ndoo ya taka. Mwezi huu huu, liwalo na liwe. Alisimama mpaka miguu ikamuuma. Halafu akameza kimoja na maji, maana mtoto mgonjwa angekuwa zawadi kwa Pudentienne.

Mwezi wa nane wa dawa, Umuhoza aliyasoma majibu mara mbili, akatabasamu. Sukari ya miezi mitatu yote iliyopita ilikuwa imetulia pale inapotakiwa.

"Sasa unaweza, mama. Foliki endelea nayo, vile vya kuzuia mimba acha." Akafunga faili. "Umeshawaza huyo mtoto atakuwaje? Atafanana na nani?"

Gahongayire akaitazama tena ile siku ya maziwa. Alijua rangi ya kapu. Alijua kitenge atakachovaa Pudentienne, na ni jirani yupi atakayecheka wa kwanza. Mtoto hakuwamo. Miezi minane ya kukimbia na kujinyima, hakuwahi kumwona hata mkono.

Hapo ndipo alipolia, na kilikuwa kilio cha hasira tupu. Alimchukia Pudentienne kuliko siku zote.

"Mama, ni nini?"

"Niongezee mwezi mmoja wa vile vidonge vya kuzuia."

"Lakini sukari iko sawa kabisa."

"Najua," alisema Gahongayire, akijifuta uso kwa kiganja. "Kuna mtu amekaa mahali pa mtoto. Nataka nimtoe kwanza."