Gari Lililovutwa na Mahari

Juzi pale Isaka nilimwona kijana wa bodaboda akisukuma pikipiki huku akiutukana ubao wa bei ya petroli, nikakumbuka harusi ya shangazi Kabula kule Samuye, nikiwa bado mtoto. Shangazi alikuwa ameapa mbele ya wenzake kwamba kwetu hatoki kwa mguu, bwana harusi ana gari.

Gari lilikuja kweli, kimya kabisa, likinuka zizi, limefungwa kamba na kuvutwa na ng'ombe wanne. Niliwahesabu mara mbili.

"Petroli wameipandisha tena, baba mkwe. Kodi juu ya kodi!" alilalamika bwana harusi.

"Na mahari yangu?" babu akauliza.

"Si ndiyo hao wanaovuta!"

Nilichanganyikiwa: sasa hawa ni mahari au ni petroli? Babu aliwafungua, akawaswaga zizini.

"Bibi harusi tutampelekaje, baba mkwe?"

"Ng'ombe wangu hawatoki tena. Miguu anayo."

Shangazi alivua viatu, akaondoka akitikisika mabega. Habari za kodi leo nazielewa, lakini kama alikuwa akicheka au akilia, bado sijui. Gari lilibaki uani, nami kwa muda mrefu niliamini ndiyo chenji yetu.