Mdogo Wangu Hakuwa Amenona

Walimpandisha mdogo wangu kwenye mizani ya pamba, wakampigia makofi. Ilikuwa mchana, msimu wa kuuza, majunia yamejaa uwanja wa chama cha msingi kijijini kwetu, nje kidogo ya Bariadi. Karani alimwita mwenyewe: "Nkoi, panda tukupime! Umewashinda mpaka madume ya baba yako." Mwingine akadakia, "Huyu tukimpeleka mnadani haturudi naye!" Mama yetu alikuwa amekalia junia lake, anacheka mpaka anajifuta machozi na kanga. Mwanawe amenona. Mwanawe teja, aliyerudi kutoka Mwanza mbavu zote nje, leo anapimwa kama robota.

Akashuka, akashika nguzo ya banda, akatapika damu. Damu nyeusi yenye mabonge, juu ya pamba safi iliyochambuliwa. Karani akapiga kelele, "Pamba! Ondoeni pamba!" Sijamsamehe. Mdogo wangu alifia kwenye bajaji, kichwa kikiwa mapajani kwa mama, tumbo limesimama kama ngoma.

Lile tumbo halikuwa mafuta. Yalikuwa maji.

Sasa nirudi nyuma, maana watu wa kwetu wanasema alirogwa, na wanaojua wamenyamaza.

Mwanza tulikuwa wapakiaji mizigo, mimi na yeye. Msimamizi wetu ndiye aliyetupa kete ya kwanza ya unga, tuvute tusisikie mgongo, tubebe zaidi. Leo ana maghala yake na anaitwa mheshimiwa. Kuvuta kulipokuwa hakutoshi tukaanza kujidunga. Bomba moja la sindano, mkono wake kisha wangu. Virusi vya Ukimwi tukavipata, tukaambiwa, tukaanza dawa. Baadaye tukaingia kwenye kliniki ya methadoni, tukanywa tukavumilia mpaka tukaachana na unga. Hapo nadhani tulifanya kazi kubwa kuliko ya mtu yeyote aliyetuhudumia.

Kwenye kliniki hiyo walikuja watafiti. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mpole, anatuita "ndugu zangu". Alituzungushia futi ya fundi cherehani kiunoni, akatutoa damu. Akaeleza vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema mafuta ya mwilini hayakai bure kama samli kwenye kibuyu. Yanatengeneza homoni zinazotembea kwenye damu, zinapeleka habari kwenye ubongo na kwenye ini. Moja inaitwa leptini, ndiyo inayouambia mwili umeshiba. Kwa mtu aliyejidunga akapata virusi, habari hizo zinaweza kuvurugika, na wao walitaka kujua zinavurugika vipi.

Mdogo wangu akamuuliza, "Sasa mama, mafuta yangu yanasemaje? Maana mimi hata ya kukaangia dagaa sina."

Chumba kizima kikacheka, mama mwenyewe akacheka. Akajibu, "Maabara itatuambia. Na damu hii tutaipima homa ya ini, tuone kama mnayo. Majibu tutawaletea."

Hakuleta. Hakutuma mtu. Waliondoka na damu yetu kama wanunuzi wanavyoondoka na pamba, na sisi tukarudi nyumbani Simiyu.

Nyumbani mdogo wangu akaanza kunenepa, au ndivyo tulivyoona. Kwetu mtu akinenepa humuulizi anaumwa nini. Unampongeza. Njiani walimsalimia "Mwangaluka," na kabla hajaitika wanamshika tumbo: "Maziwa yamekukubali!" Mama akazidi kumkamulia. Mikono ilikuwa myembamba kama fimbo ya kuchungia, miguu imevimba ukibonyeza inabaki shimo, lakini nani anatazama mikono ya mtu mwenye tumbo?

Nilimpeleka mjini kwa tabibu anakochukua dawa zake za Ukimwi. Nilimwambia, "Daktari, huyu analalamika tumbo zito, hali chakula kikaisha."

Hakunyanyuka kwenye kiti. "Amenenepa huyu. Dawa zimemkubali. Wewe ndiye uongeze kula."

"Mguse basi."

"Mzee, nyie mateja mnapenda kuumwa. Anayefuata!"

Hakumgusa. Mkono mmoja tu juu ya lile tumbo angesikia maji. Mimi nimeishia darasa la nne na nilikuwa naona.

Baada ya mazishi nikaenda Mwanza, hospitali kubwa, nikasema nipimeni ini. Nikakutwa na homa ya ini aina ya C, ile inayopita kwenye bomba, inayoharibu ini mpaka tumbo linajaa maji na mtu anatapika damu. Nikapewa vidonge, nikameza, virusi vya ini vikaisha. Nilimuuliza daktari kama mdogo wangu naye angepona. Akatazama chini. "Angewahi, ndiyo."

Angewahi! Angewahi kwa majibu ya nani?

Mama mpaka leo ananiuliza kwa Kisukuma, kila akikamua: mwanangu alikuwa amenona, amekufaje? Namweleza habari ya maji na ini, ananitazama kama naficha mchawi. Haniamini, kwa sababu alimwona kwenye mizani kwa macho yake.

Kwa hiyo namtaka yule mama mtafiti. Namtaka na tabibu aliyeshindwa kunyanyuka kwenye kiti. Waje hapa, wakae kwenye kigoda mbele ya mama yangu, siyo mbele yangu. Mmoja amwambie ile damu ilisema nini na kwa nini alikaa nayo. Mwingine aeleze kwa nini mkono wake haukufika kwenye tumbo la mwanawe. Wamjibu wao. Mimi nimechoka kujibu kwa niaba yao.