Sura ya Watu Saba

Mlio wa karatasi inayochanwa kutoka katikati ya daftari hunishtua hadi leo. Si mlio mkubwa. Ni mkwaruzo tu, pale karatasi inapoachana na pini zake, lakini mimi huusikia hata nikiwa jikoni na maji yanachemka. Juzi mjukuu wangu alichana moja kwa pupa, na nilipotoka kuuliza kulikoni nilimkuta amejilaza sakafuni, simu mkono huu, kalamu mkono ule.

"Ayeeyo, naandika tu stori," akaniambia.

Alikuwa ameupenda mchezo mmoja wa televisheni, mchezo ukaisha asivyotaka. Basi yeye na mashabiki wenzake asiowajua, wengine wa nchi za mbali, wakawa wanauendeleza kwenye simu, kila mtu na mwisho wake. Hakuna anayetumia jina lake halisi. Anadhani kizazi chao ndicho kilichobuni jambo hilo. Nilimwacha adhani hivyo, nikarudi jikoni nikakuta sufuria imekauka.

Nyinyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka kumi, hapa hapa Garissa, miaka michache baada ya uhuru, wakati wa vita ambavyo serikali iliviita vya mashifta, yaani majambazi wa porini, na watu wetu hawakuviita kitu, walishusha sauti tu. Tulikuwa tumekusanywa katika kijiji kilichozungushiwa ua wa miiba, na kutoka kulitaka ruhusa. Mama na ndugu zake walikulia porini na ngamia, ila mimi nilizaliwa mjini, na wanyama niliowajua vizuri ni mbuzi wetu watatu, ambao sasa alibaki mmoja. Nakumbuka harufu ya ngozi zilizoanikwa juani pasipo na mnunuzi, na vumbi lililoingia hata kwenye chai.

Shule ilikuwepo, Mungu awalipe waliojitahidi. Mwalimu wetu, kijana wa pwani mwenye sauti kubwa kuliko mwili, alikuwa na kitabu kimoja cha hadithi, na kila Alhamisi alitusomea sura moja. Shujaa wake aliitwa Jaha, mtoto wa msafara aliyepotezana na dada yake. Tulipofika sura ya tisa, Jaha amesimama mbele ya mlango uliofungwa, mwalimu akahamishwa. Akaondoka na lori la asubuhi, na kitabu ndani ya begi lake. Hebu fikirini darasa zima la watoto limeachwa mlangoni.

Nilimlilia Abti. Abti ni mjomba, kaka wa mama, na wangu aliitwa Guled. Mguu wake mmoja ulivunjwa na ngamia zamani, ukaunga vibaya, kwa hiyo hakwenda mbali, ila kichwani alibeba mashairi ya watu waliokufa kabla babu yake hajazaliwa. Nilimsimulia habari za Jaha kwa Kisomali tangu mwanzo. Alisikiliza huku akichonga mswaki wake, kisha akasema, "Mlango gani huo? Mtu wa msafara anafanya nini mlangoni? Mtoe." Basi akamtoa yeye mwenyewe. Akamleta kwetu, akampa ngamia, akampa kiu, akampitisha Eldas na Modogashe, na kila kisima alikitaja kwa jina lake, maana Abti hakuweza kusimulia safari bila visima.

Mimi niliandika. Wakati ule hatukufundishwa maandishi yoyote ya Kisomali, kwa hiyo niliandika kwa Kiswahili, Kiswahili changu cha darasa la nne kilichojaa makosa. Abti aliniwekea sharti moja tu. Kwetu anayebeba maneno ya mtu humtaja mwenyewe kabla ya jambo lolote, yeye na baba zake, na asipomtaja ni mwizi, hana tofauti na anayeswaga ngamia wasio wake. Watu wamegombana vibaya kwa ajili hiyo. Basi juu ya kila sura niliandika, "Maneno ya Guled Farah Samatar Diriye," nikaendelea hadi majina manane yakatimia. Nilijivuna kuyajua yote.

Watoto wakanakili. Wenye daftari walichana karatasi, wasio na daftari walikariri, na Jaha akatoka kijijini bila ruhusa ya mtu, mfukoni mwa utingo wa lori na kinywani mwa wauza maziwa. Kuna aliyemwoza mke. Kuna msichana aliyemuua kwa nyoka, tukamnunia siku mbili nzima. Sijaona tena watu wenye njaa wakigombea kitu kisicholiwa namna ile. Na kila aliyenakili alinakili na yale majina manane, kwa sababu kila mmoja wetu alilelewa hivyo.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika. Abti alishikwa na homa, wiki mbili hakusimulia kitu, na wenzangu walinisumbua kila asubuhi. Nikatunga sura mimi mwenyewe. Jaha na wanaume sita, jumla saba, wamejificha vichakani karibu na kisima kilicho njia ya Modogashe, na kila jioni hutoka kimyakimya kuwanywesha ngamia wao. Niliipenda mno. Lakini nani angeitaka sura ya msichana wa miaka kumi? Nikaandika juu yake jina la Abti na la baba zake wote. Wenzangu walisema hiyo ndiyo nzuri kuliko zote, nami nikanyamaza, moyoni raha tupu.

Askari waliikuta ndani ya lori. Hawakuhitaji kupeleleza, majina yalikuwa pale juu.

Walikuja asubuhi, mama akimkamua yule mbuzi. Wakamtoa Abti nje bado amejifunika shuka la homa. Ofisa, mtu wa bara asiye na sura ya ukali, alisoma karatasi kwa sauti, na mkalimani, mtu wa kwetu, akaifasiri neno kwa neno.

"Kila jioni watu saba wanakuja kisimani," ofisa akasema. "Ni akina nani? Na haya maneno ni ya nani?"

Nilikuwa nyuma ya mama nimeshika nguo yake. Abti alisikiliza tafsiri mpaka mwisho. Kisha akanitazama, si kwa muda mrefu, akajibu mwenyewe kwa Kiswahili chake.

"Hii maneno ni yangu. Mimi nasema, mtoto naandika. Yeye ni kalamu tu. Kalamu nabigwa?"

"Hao watu saba?"

"Ni hadithi, afande. Hakuna watu."

"Na kisima?"

"Kisima iko."

Wakamchukua. Aliomba fimbo yake, akapewa.

Nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Alipotamka kwamba maneno ni yake, nilifurahi. Nilidhani ameisikia sura yangu akaiona inafaa kuwa yake, yeye aliyebeba mashairi ya wakubwa wote wale. Mpaka jua likawa la utosi nilikuwa bado nina furaha, namsubiri arudi aniambie.

Hakurudi. Mama alikwenda kuuliza mwezi baada ya mwezi, akiambiwa aje kesho, halafu akaanza kuambiwa kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Aliwapa majina yote manane, na bado hakuwepo. Vita vikaisha, ua wa miiba ukang'olewa, sisi hatukupata hata kaburi la kusomea dua.

Sura yenyewe iliishi. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu, nilishuka Modogashe kununua maziwa nikamsikia mwanamke akiwasimulia wapakiaji wa lori, akianza na majina ya Abti bila kukosea hata moja. Ila yeye alisema Jaha na wenzake walikwenda kisimani kila siku ya kumi na mbili. Nilikaribia kumsahihisha. Kisha nikaelewa, nikakaa palepale vumbini na chupa yangu ya maziwa. Wakati wa kiangazi ngamia hanyweshwi kila jioni. Wanaonyweshwa hivyo ni mbuzi wa mjini. Mfugaji hawezi kusema neno kama lile hata homa ikimpanda kichwani, na watu, kwa heshima yao kwa Guled, walikuwa wamelirekebisha wakidhani limeharibikia njiani. Abti alijua papo hapo kwamba maneno yale si yake. Alijua pia ni ya nani.

Mama aliishi hadi uzeeni. Siku moja tukichambua mchele nilijikaza nikaanza, "Hooyo, ile sura ya watu saba..."

"Guled hakusema ile," akanikatiza, vidole vikiendelea na mchele. "Nilijua siku ileile. Na yule mkalimani alijua, nilimwona anameza mate. Ngamia kila jioni!" Ilibaki kidogo acheke. "Ningesema, wangekuchukua wewe. Kaka yangu aliona hivyo, na mimi nikaona hivyo."

Nililia, naye akaniacha nilie. Hatukulizungumza tena, na sasa naye hayupo.

Wote wawili walininyamazia ili niishi, nami nimeishi. Lakini kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyomwona vizuri zaidi yule msichana waliyekuwa wakimficha. Nywele zimesukwa, wino vidoleni, kimo chake hakifiki begani mwa askari. Tulikuwa wanne pale tulioujua ukweli, na kila mmoja alifunga kinywa kwa sababu yake. Kama mmoja wetu angesema tu kwamba ngamia hawanyweshwi hivyo, kwamba hii ni kazi ya mtoto wa mjini, labda yule ofisa angeisoma tena karatasi, akanitazama, akacheka, akaenda zake.