Kinu cha Makumbusho

Jamani, mimi mama Neema nimeumbuka! Binti yangu anatembeza wageni kwenye makumbusho, jirani na hoteli ya ufukweni huko Ikola. Nilipofika kumsalimia, nikakuta chumba hakina mtu, ila kinu kimejaa mpunga. Kwetu ukikuta kazi ya mwenyeji imelala, hukai ukaiangalia. Kwenye kamba nyekundu iliyozunguka kinu nikaanika kanga yangu iliyolowa mvua, nikatwanga huku naimba.

Mara nikasikia makofi. Watalii wananipiga picha! Nyuma yao Neema na bosi wake, midomo wazi.

"Nipeni ungo nipepete," nikasema.

"Kinu cha kale hicho, hakiguswi!" bosi akafoka. "Neema, huyu ni nani?"

Nilitamani anikane.

"Ni mama yangu," akajibu, akanifuta pumba usoni.