Generoza na Wanyama Wake

Generoza alianza kutunga hadithi kambini, Kigoma, alipokuwa mwalimu wa chekechea asiye na vitabu. Darasa lake lilikuwa turubai lenye watoto wengi kuliko mikeka, na kitu pekee kilichoweza kuwatuliza mpaka uji uive kilikuwa mnyama aliyevaa nguo. Basi akawavalisha. Sungura alipewa miwani, bata viatu vya mpira, na fisi koti la kijani. Watu wazima nao walimwita kwenye harusi zao awaghanie mashairi, na alipoghani, hata wapishi waliacha masufuria motoni wakaja kusikiliza.

Kisha ndege ikambeba yeye, mumewe Gaudiosi na binti yao Delfina, ikawashusha Louisville, Marekani. Huko alipata kazi ya kupanga vifurushi ghalani. Harusi zilikuwepo tele, ila mshereheshaji alimchomeka kati ya keki na zawadi, na kabla Generoza hajamaliza ubeti wa pili alikuwa ameshaanza kumwonyesha saa. Wageni walimpigia makofi kwa kujipiga paja, maana mkono wa pili ulikuwa umeshika simu. Bwana harusi mmoja alimshukuru kwa maombi yake mazuri.

Akaona heri arudi kwa watoto. Warundi wenzake walikuwa wamepanga kanisa la Wazungu pamoja na ukumbi wa chini yake, wakisali Jumapili alasiri Wazungu wakishaondoka. Wakati wazazi wakiimba juu, Generoza alikaa na watoto chini. Kiswahili chao kiliwatosha kutumwa chumvi, na kila alichowauliza walimjibu kwa Kiingereza. Lakini fisi alipoingia na koti lake, walinyamaza.

Fisi huyo alichaguliwa na wanyama kuwa mwenyekiti kwa mwaka mmoja tu, awalindie nyama ya sikukuu. Mwaka ulipokwisha, mkutano wa uchaguzi uliahirishwa kwa sababu katibu, ambaye ni kobe, alikuwa bado njiani. Ukaahirishwa tena kwa sababu ya mvua. Kila ulipoahirishwa, fisi alionja nyama kidogo, aone kama haijaharibika. Watoto walicheka mpaka waliokuwa wakiimba juu wakapotea kwenye ubeti.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wa jumuiya, mzee Reginaldi, alifika nyumbani kwa Generoza na wajumbe wawili. Alikuwa kwenye kiti hicho tangu jumuiya ianzishwe, na uchaguzi ulikuwa kila mara uko karibu. Mjukuu wake alikuwa amemuuliza mezani, mbele ya wageni, kama na yeye ana koti la kijani.

"Mama Delfina," alisema Reginaldi, "huyo fisi ni nani?"

"Ni fisi, mzee."

"Fisi wa wapi?"

Generoza alikuwa ameulizwa mengi kwenye mahojiano ya ukimbizi, kuanzia jina la bibi yake hadi rangi ya mlango wa shule. Uraia wa fisi hakuwahi kuulizwa. Alijibu kwamba alimtunga kambini kabla hajamjua mzee, na kwamba fisi ana miguu minne. Wajumbe waliandika hilo la miguu. Ikaundwa kamati ya kumchunguza fisi, na kamati ikaamua Generoza aombe radhi kanisani.

Akaomba. Alisimama mbele, akainamisha kichwa, akasema anamwomba msamaha kila mtu aliyejiona ndani ya fisi. Kanisa zima likageuka kumtazama Reginaldi. Baada ya hapo hakuna aliyemwalika tena, si kwa watoto wala kwenye harusi, na Gaudiosi, ambaye hakupenda maneno mengi, alikumbuka kwamba ana kaka yake katika mji wa Columbus.

Walihamia huko, mtaa wa Northland, kwenye nyumba za kupanga karibu na barabara ya Morse, ambako unga wa muhogo ulipatikana kwa miguu. Walisali na Wakongo wa Kivu, na Generoza akaapa kuwa mwangalifu. Alikaa jikoni jioni nyingi akitafuta mnyama asiye na cheo, asiye na meno wala sauti. Akampata konokono. Konokono wake alialikwa harusini akafika watu wakikunja viti, basi. Hakuna nyama iliyoibwa.

Watoto walimpenda. Mchungaji Karaha, mtu mpole ambaye ibada yake ya saa nne ilianza saa sita kwa sababu alipitia kwa wagonjwa wote njiani, alisikia habari za konokono akaumia. Jumapili tatu mfululizo alihubiri juu ya ulimi. Kabla ya mahubiri hayo hakuna muumini hata mmoja aliyekuwa amemfananisha na konokono. Baada ya hapo, hawakuweza kumfananisha na kingine, na alipoingia akihema na Biblia kwapani, akina mama walikuwa wakitazama sakafu ili wasicheke.

Generoza alimwonea huruma kweli. Alimfuata akamwambia kwamba hakuwa amemfikiria yeye.

"Bon, dada, nakuamini," Karaha alimjibu kwa unyonge. "Lakini sasa miye mwenyewe najifikiria."

Delfina alipopata nafasi ya kusomea unesi huko Amherst, pembeni mwa mji wa Buffalo, familia ilihamia naye upande huo, na Generoza akaamua kwamba amestaafu. Alipata kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya wazee. Mashine zilipiga kelele siku nzima, na hakuna aliyemuuliza alikuwa anafikiria nini. Alipotambulishwa kanisani, alisema yeye ni mama wa nyumbani tu.

Lakini hadithi zake zilikuwa zimeshatangulia, zikisambaa kwenye simu kwa sauti za watu wengine. Jumamosi moja ya theluji, gari liliegeshwa mbele ya nyumba yao North Buffalo. Akashuka mwenyekiti wa jumuiya ya huko, Theogene, na mkewe Kampire aliyebeba sambusa. Gaudiosi alichungulia dirishani, kisha akaenda kutafuta masanduku.

Theogene alikunywa chai, akauliza habari za kila mtu, halafu akaweka kikombe chini.

"Donc, mama. Louisville iko na fisi yake. Columbus iko na konokono yake. Siye huku Buffalo tulikosa nini?"

Generoza alidhani hajasikia vizuri. Theogene akafafanua kwamba angependa simba, mwenye haki na mkarimu, anayependwa na raia wake. Kama simba ana kazi nyingine, hata tembo angemfaa. Kampire alitazama sambusa wakati wote huo.

Alijaribu. Siku ya kusimulia ilipofika, Theogene alikaa mbele kabisa ukumbini na suti mpya. Simba akaamka, akawa na haki. Akagawa chakula, akawa mkarimu. Watoto walianza kuvutana nywele, na binti mmoja aitwaye Isaro akauliza kwa Kiingereza kama huyo simba huwa anafanya kitu chochote.

Generoza alimtazama Theogene, akawatazama watoto. Kisha akasema kwamba, kwa bahati mbaya, siku hiyo theluji ilianguka, na simba, aliyeapa kwenda kuwasukumia raia magari yao, alijifunika blanketi tatu akatawala kwa simu mpaka mwezi wa nne.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Kila mtu mzima pale alikuwa ameshawahi kusukuma gari lake peke yake huku akisikiliza salamu za mwenyekiti kwenye simu. Kampire alificha uso kwenye kitenge. Aliyecheka kuliko wote ni Theogene. Alifuta machozi, akamgusa jirani yake bega akimuuliza kama kweli viongozi wa namna hiyo wapo.

Baadaye alimpongeza Generoza, akataka kujua simba wake yeye atakuja lini.

"Bado anaota manyoya, mzee," Generoza alimwambia.

Siku hizi anasimulia kila Jumamosi. Mashairi bado hayasikilizwi na mtu ila Gaudiosi, tena akiwa anakula. Watoto wanaendelea kumjibu kwa Kiingereza, isipokuwa anaponyamaza katikati ya hadithi anywe maji, hapo wote kwa pamoja, Isaro akiwa wa kwanza, humpigia kelele kwa Kiswahili, "Halafu?" Na Generoza hunywa maji hayo taratibu sana.