Michirizi ya Mtoto wa Nane

Kwa majira arobaini ya baridi Gunvor Haukås aliwafundisha watoto wa bonde lake kuteleza kwa mbao juu ya theluji, wala hakupoteza hata mmoja. Hakuwapa fimbo za kujiegemeza, na siku zote alikaa nyuma yao ili ahesabu michirizi ya mbao zao.

Siku ile ukungu uliwashukia ghafla. Watoto walikuwa saba, lakini michirizi mbele yake ilikuwa ya watu wanane. Michirizi ya yule wa nane ilionyesha ubao mmoja mrefu na mwingine mfupi, kama mbao za enzi ya bibi yake Gunvor.

"Bibi, tushuke huku, mwenzetu ametangulia," akasema Sondre, mmoja wa wale saba.

"Mwenzetu yupi, wewe?"

"Si yule. Hata kujisimamisha hajui, anatuchekesha."

Huko chini kulikuwa na ziwa lenye barafu nyembamba.

"Haya, matako chini, wote."

Saba wakaketi, kama alivyowazoesha kujisimamisha. Ndani ya ukungu mchakacho wa mbao uliendelea kuteremka.

Huyu hakuwa miongoni mwa saba wake Gunvor, lakini mwanafunzi ni mwanafunzi.

"Nawe pia, mwanangu," akaita. "Kaa chini."

Mchakacho ukakoma. Akawageuza saba wake, wakapanda kurudi nyumbani.