Ng'ombe wa Bwana Picha

Kila Jumapili alasiri, katika ukumbi wa Songwa, Bwana Picha hufuta lenzi kwa pindo la shati kama anayemfuta mtoto kamasi, kisha huwaonyesha watu picha ya ngumi waliyoilipia. Stelingi akishamkabili adui tu, mkanda hufika mwisho, na vidole vyake virefu, vinavyonuka gundi ya kuungia mikanda, huchomeka kwanza mkanda mwingine kabisa: bibi kizee anamtafuta ng'ombe aliyepotea, polepole, bila muziki. "Tulieni," hunong'ona. "Picha yenyewe ndiyo hii." Watu hupiga miluzi. Mama Limi, muuza karanga wa mlangoni, ana maoni yake: ng'ombe wa kutazama wamejaa Usukumani, tena bure, tena wana rangi.

Jumapili moja Bwana Picha akachoka na miluzi, akamwacha bibi sandukuni. Stelingi akapigana mfululizo, akashinda, madirisha yakafunguliwa. Hakuna aliyeinuka. Bwana Picha akawa anafunga mashine yake, mara sauti ya Mama Limi ikaja kutoka mlangoni, kali kama ya mtu aliyeibiwa:

"Bwana Picha, tangu lini Wasukuma wakarudi nyumbani ng'ombe hajapatikana?"